Uchovu wa Namba 614

Kila siku saa mbili kasoro robo Hamisa alifungua ghala la zamani la shamba la mkonge la Kwashebe, wilayani Korogwe, akatandika kanga kuukuu mezani, akachukua brashi ya rangi ambayo haikuwahi kuguswa na rangi, akaanza kufuta vumbi kwenye kurasa za rejista, toka katikati kwenda pembeni, kama walivyofundishwa kwenye semina ya siku tatu. Rejista zilikuwa arobaini na moja. Mende walikuwa wamekula kona, mchwa wakala majalada, na kilichobaki kilikuwa majina ya watu waliokuja kukata mkonge kutoka kila upande wa nchi, wakapewa namba, na kwa sababu ya namba hizo wakaitwa manamba mpaka wakazikwa. Kazi yake ilikuwa kunakili majina hayo mstari kwa mstari kwenye daftari jipya lenye jalada gumu, ili wajukuu waliokuja kuuliza habari za babu zao wapate pa kuonyeshwa. Kurasa zilishapigwa picha, zikatoka nyeupe. Wino ulikuwa umefifia kiasi kwamba ulionekana tu kwa jicho la mtu aliyeinama juu ya karatasi kwenye mwanga wa mchana.

Kazi ilikuwa na shida moja, na shida yenyewe haikuwa vumbi. Mstari ukishanakiliwa kwa mkono kutoka kwenye rejista, uchovu wa mwenye jina ulihamia kwa aliyenakili.

Hamisa aliligundua hilo wiki ya kwanza. Alinakili wakata mkonge kumi na wanane kabla ya adhuhuri, na alipotaka kuinuka akaswali, kiuno kikagoma. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba kama cha mtu aliyeshinda na panga. Alidhani ni malaria, akajikokota hadi zahanati. Muuguzi Loveness alimpima, hakuona kitu, akamuuliza yuko ukurasa wa ngapi.

"Wa tisa, dada."

"Wakataji au watu wa korona, kule kiwandani?"

"Wakataji."

Loveness akaandika kwenye kadi: uchovu wa watu wengine, apewe dawa ya maumivu, apumzike. Alisema dada aliyekuwepo kabla ya Hamisa alijitia ushujaa, akanakili watu thelathini wa kusukuma troli za mkonge kwa siku moja, na mpaka leo hawezi kujitwika ndoo ya maji.

"Wewe nenda nao taratibu," alisema. "Hawana haraka tena hao."

Sufiani, msimamizi wa mradi, alipoonyeshwa ile kadi aliifungia kwenye faili na kuweka kiwango cha mistari kumi na mitano kwa siku. Yeye mwenyewe hakuwa na tatizo, maana aliingiza majina kwenye kompyuta kutoka kwenye daftari la Hamisa, na nakala haikuwa na uchovu wowote ndani yake. Alikuwa mtu mwema kwa jinsi watu wa ofisi wanavyokuwa wema. Akikuona unaumwa anakuletea kiti.

Kwa hiyo Hamisa alijifunza kupanga siku zake. Wakataji walikaa kiunoni na kwenye kifundo cha mkono. Watu wa korona, yaani wa kile kiwanda cha kukamua majani, walileta muwasho wa maji ya mkonge miguuni na mvumo masikioni. Wa troli walikaa mabegani. Nyapara mmoja alileta koo lililokauka kwa kufokea watu, na Hamisa alishinda hajibu salamu. Makarani walileta macho tu. Mameneja, ambao majina yao yalikuwa mwanzoni mwa kila rejista kwa herufi kubwa za madaha, hawakuleta chochote, naye akawa anawaweka akiba ya Ijumaa. Usingizi ukishapita, asubuhi uchovu wa marehemu ulikuwa umeondoka, akabaki na wa kwake, wa mwanamke wa miaka arobaini aliyetoka Kwamsisi na kupanga chumba kimoja Korogwe mjini. Huo haukuandikwa popote.

Mwezi wa tatu watu wakaanza kuja kwa wingi. Shamba lilikuwa limefutiwa hati miaka mingi nyuma, na sasa kamati iliundwa kuligawa kwa vizazi vya waliolifanyia kazi. Masharti yalibandikwa mlangoni mwa ghala: jina liwemo kwenye rejista, namba moja kiwanja kimoja, kiwanja kimoja jina moja. Watu walisoma, wakasoma tena, wakaenda zao au wakakaa chini kusubiri.

Bibi Shida hakuwa akisubiri chini. Alikuwa na miaka sitini na saba, alizaliwa kambi namba tatu, kwenye ile safu ndefu ya vyumba vya manamba, na bado alikuwa akiishi kwenye chumba kilekile. Nyuma ya chumba alikuwa na mahindi, mihogo, na kaburi la mama yake. Kila siku saa nne alipita ghalani akiwa na jembe begani, akasimama mlangoni.

"Shikamoo bibi," Hamisa alisema siku ya kwanza.

"Marahaba mwanangu. Umefika kwa mama yangu?"

"Anaitwa nani?"

"Mashavu. Mzigua wa Kang'ata, huko Handeni."

"Bado, bibi. Wanawake humu ni wachache. Wapo wa kupiga brashi singa za mkonge, kumi na mmoja, nimewamaliza wote. Hayumo."

"Mama hakuwa wa brashi. Alikata mkonge."

"Wanawake hawakuandikwa kukata, bibi."

"Sijasema aliandikwa. Nimesema alikata."

Habari yenyewe ilikuwa fupi na Bibi Shida aliieleza bila kuipamba. Baba yake alikuwa Yordani Ntakije, Muha wa Kasulu, namba 614. Mama yake alikuja kambini kuuza ufuta, akakaa. Padri hakutaka kuwafungisha ndoa kwa sababu mke alikuwa Mwislamu, shehe hakutaka kwa sababu mume alikuwa Mkristo, kila mmoja akamwachia mwenzake, na hakuna aliyewaandika. Ngwe ya siku ilikuwa matita mia moja na kumi, kila tita majani thelathini, na siku isiyotimia haikuhesabiwa kabisa. Ndipo wanawake wakawa wanawafuata waume zao shambani kuwamalizia. Nyapara alijua. Alikuwa akigeuka upande wa pili kuangalia ndege. Matita yalipohesabiwa, karani aliweka alama moja mbele ya namba moja.

"Miaka kumi na miwili," alisema Bibi Shida. "Halafu baba akaenda Kasulu kumuuguza mama yake. Hakurudi."

Kilichorudi kilikuwa mjukuu. Mwanzoni mwa mwezi huohuo alikuja mwanamume wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi, jina lake Dennis Ntakije, mjukuu wa Yordani kwa mke wa Kasulu. Alileta kipande halisi cha babu yake, ile kadi ya kazi yenye namba, kikiwa kimefungwa kwenye nailoni tatu. Kamati ilipima viwanja kwa kufuata vyumba vya kambi, na chumba cha 614 kilikuwa kile anachoishi Bibi Shida, pamoja na mahindi, mihogo na kaburi. Kwa namba ya baba mlango ulikuwa umeshafungwa, maana kipande kilikuwa kwa Dennis, na ndoa ya wazazi wa Bibi Shida haikuandikwa popote. Kama mama yake asingeonekana kwenye rejista kwa haki yake mwenyewe, Bibi Shida angetoka.

Hamisa aliifikia rejista ya mwaka hamsini na nane Jumanne ya wiki ya mwisho wa mwezi. Alinakili kama kawaida: 614, Yordani Ntakije, Muha, Kasulu, mkataji. Akaweka kalamu chini, akasubiri.

Uchovu wa kwanza ulikuja kwa njia anayoijua, ukashika kiuno, ukashuka kwenye kifundo cha kulia, ukatulia. Hamisa akadhani umekwisha, akashika kalamu. Ndipo ukaja wa pili. Huu ulianzia kifundo cha kushoto, ukapanda begani, ukazunguka shingo, na nyuma yake ukafuata uzito uliokaa chini ya mabega, wa vuguvugu, unaopumua. Ulikuwa uzito wa mtoto wa mwaka mmoja hivi. Ulivuta upande wa kushoto, kama mtoto anayechungulia mbele kuona mama anafanya nini. Hamisa alipeleka mkono mmoja nyuma kumtegemeza, kwa sababu mkono huenda wenyewe, na hapakuwa na kitu cha kushika.

Bibi Shida alipofika saa nne alimkuta ameegemea meza hivyohivyo.

"Una nini mgongoni?"

"Mtoto, bibi. Anaegemea kushoto."

Bibi Shida aliegesha jembe ukutani. Alitazama rejista, akamtazama Hamisa mgongoni, akatazama tena rejista, ingawa hakujua kusoma.

"Huyo ni mimi," alisema. "Mama alikuwa akinigombeza hata nilipokuwa mkubwa. Alisema niliegemea kushoto mpaka nikampinda."

Nje mtu alipita na baiskeli yenye tenga la nyanya za Mashewa, akasalimia, wakamwitikia.

"Samahani mwanangu," alisema Bibi Shida. "Naona nilikuwa mzito."

"Si mzito sana, bibi."

"Kwa mtu anayekata mkonge?"

Hamisa alirudisha mkono nyuma kumtegemeza. Moyo ulimuuma kuliko kiuno. Alibaki na mtoto yule mpaka alipolala usiku, na alilala kifudifudi ili asimbane.

Siku ya pili alimweleza Sufiani. Sufiani alisikiliza vizuri sana, akaleta kiti, akafungua mwongozo wa mradi na kuupitia kwa kidole.

"Safu ziko saba," alisema. "Namba, jina, kabila, nyumbani, kazi, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Uchovu haumo."

"Lakini wapo wawili."

"Sikatai, dada Hamisa. Nakuamini kabisa. Ila siwezi kuongeza mtu ambaye hatuna karatasi hata moja inayosema alizaliwa. Leteni karatasi, tutaona."

Alhamisi Hamisa aliomba ruhusa, wakaondoka na Bibi Shida asubuhi na mapema kwa barabara ya Handeni, na kutoka Handeni mjini wakachukua bodaboda mbili hadi Kang'ata. Bibi Shida hakuwahi kufika huko maishani. Alivaa kanga mpya na kubeba mihogo, kwa sababu mtu haendi kwa wakwe wala kwa wajomba mikono mitupu, hata wajomba wenyewe wawe hawajui kama yupo.

Waliyemkuta alikuwa Mzee Muhidini, mtoto wa dada yake Mashavu. Alikuwa akipukuchua mahindi kwenye baraza. Bibi Shida alimweleza yeye ni nani kwa Kizigua alichofundishwa na mama yake, Kizigua cha zamani, cha watu waliokwisha kufa, na Mzee Muhidini aliacha kupukuchua kwa sababu alisikia sauti ya nyanya zake. Aliingia ndani, akatoka na daftari la ukoo.

Babu yao alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Aliandika daftari hilo kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, naye Hamisa aliweza kulisoma kwa sababu kule Kwamsisi alisoma chuo miaka sita. Lilianza na wanawake, kama ukoo wao unavyohesabiwa, tumbo kwa tumbo, na wanaume walifuata nyuma kama watu waliochelewa shughuli. Katika ukurasa wa nne palikuwa na maneno haya: Mashavu binti Faraji, kazaliwa mwaka wa nzige, kaenda mkongeni. Baada yake palikuwa peupe, upana wa vidole vitatu.

"Hapo tuliacha nafasi," alisema Mzee Muhidini. "Kila mwaka tukisoma hitima tunataja marehemu wote. Yeye hatukujua yu hai au kafa. Kumtaja tuliogopa, kumruka tuliogopa. Basi tukifika kwake tunanyamaza kidogo, halafu tunaendelea."

"Mmenyamaza miaka mingapi?" Bibi Shida aliuliza.

"Toka mimi kijana. Sitini na kitu."

"Alifariki mwaka themanini na tatu, mwezi wa Rajabu. Nilimzika mimi na majirani, nyuma ya nyumba."

Mzee Muhidini alitafuta kalamu ndani ya kofia, akaijaza ile nafasi. Kisha akaandika chini yake: Shida, bintiye. Alimuuliza kama ana watoto, akawaandika na wao. Aliomba radhi kwa mwandiko. Halafu alimwambia Bibi Shida, dada yake wa ukoo, abaki, kwamba kwa upande wa mama yake yeye si mgeni, kipande cha kulima hakitakosekana.

Bibi Shida alifurahi, na furaha hiyo ilimchosha. Alikaa kwenye mkeka akanyoosha miguu.

"Nakushukuru, kaka. Lakini kaburi liko Kwashebe. Nikihamia huku nani atalipalilia? Atakayepewa kiwanja atapanda mahindi mpaka juu yake. Hata mimi ningekuwa mgeni ningepanda, ningejuaje?"

Hamisa alinakili ukurasa wa nne papo hapo, akiwa ameegemea ukuta kwa tahadhari. Hakuna kilichokuja. Daftari la ukoo lilihifadhi nani kamzaa nani. Habari za kazi halikuwa nazo. Mzee Muhidini aliweka dole gumba chini ya nakala kwa wino wa bluu, wakala mihogo, wakarudi.

Kamati ilikaa Jumatatu ndani ya ghala. Walikuwa watu watano, na katibu wao alikuwa Bi Edna, mwanamke mwenye miwani na haraka, ambaye baba yake alikuwa wa troli, namba 209. Dennis Ntakije alikuwepo pia. Alimwamkia Bibi Shida kwa adabu na kumwita shangazi, na kweli alikuwa shangazi yake, kwa kuwa baba zao wawili walikuwa mtu na mwanawe.

Hamisa alieleza. Bi Edna hakumkatiza. Aliposikia habari ya mtoto mgongoni aliomba rejista ya hamsini na nane, akaomba karatasi, akainakili namba 614 kwa mkono wake mwenyewe. Wajumbe walisubiri. Mmoja alijibu simu, akasema yuko kikaoni. Baada ya muda Bi Edna alivua miwani, akabadilisha kiti, akachukua kimoja chenye egemeo. Akapeleka mkono nyuma.

"Wawili," alisema. "Na mtoto."

"Una hakika, Bi Katibu?" aliuliza mwenyekiti.

"Mtu mmoja hakati kwa mkono wa kulia na wa kushoto kutwa nzima. Na wakataji hawakuzaliwa na watoto mgongoni."

Mjumbe wa pili akajaribu, akakaa chini. Wa tatu alisema haina haja, anawaamini wenzake, na zaidi ya hapo ana safari ya Mombo jioni. Hata Dennis aliomba karatasi. Alinakili kwa mwandiko mzuri wa kiualimu, kisha akasimama muda mrefu akiwa amekunja mgongo, akimwangalia Bibi Shida kwa namna ya mtu anayemwangalia mtoto aliyemo mgongoni mwake. Machozi yalimtoka. Hakuyaficha.

Bi Edna aliandika muhtasari huku akijinyoosha. Aliusoma kwa sauti, kama taratibu zinavyotaka. Kamati imejiridhisha pasipo shaka kwamba kazi iliyoandikwa chini ya namba 614 ilifanywa na watu wawili. Kamati imepokea pia nakala ya daftari la ukoo kutoka Kang'ata, inayoonyesha kwamba Mashavu binti Faraji alizaliwa. Hata hivyo, daftari la ukoo halionyeshi kwamba alifanya kazi, na rejista haionyeshi kwamba aliyefanya kazi ni yeye. Hakuna karatasi inayounganisha mambo hayo mawili.

"Mimi hapa ndiye ninayeyaunganisha," alisema Bibi Shida. "Nilikuwa mgongoni."

"Ulikuwa na mwaka mmoja, mama," alisema mwenyekiti kwa upole. "Ushahidi wa mtoto hatuwezi."

Bi Edna hakuinua macho. Alisema kwamba kama ingekuwa ni yeye peke yake, angeandika vingine, na kila aliyekuwemo alimwamini, kwa sababu bado alikuwa ameshika mgongo. Mtu akauliza kama hati ingeweza kuwa na majina mawili, la mwalimu na la shangazi yake. Fomu ikaletwa, ikaangaliwa mbele na nyuma. Palikuwa na mstari mmoja wa jina. Mtu mwingine akauliza kama mwalimu angependa kumwachia shangazi. Dennis alijifuta uso. Alisema angependa, Mungu ni shahidi, lakini nyuma yake Kasulu wako ndugu sita wanaosubiri jibu, na yeye ndiye waliyemtuma. Kiwanja kikapita kwa jina lake. Uchovu wa mtu wa pili ukawekwa kwenye muhtasari, sehemu ya mengineyo, baada ya suala la choo cha ofisi ya kijiji.

Walipotoka nje Dennis alimfuata Bibi Shida hadi chumbani, akakaa naye kizingitini. Wakaelewana bila ugomvi. Yeye angerudi Kasulu, shule zilikuwa karibu kufunguliwa, asingeweza kulima akiwa mbali. Alimwomba shangazi abaki palepale, aendelee na shamba, amwangalizie. Kaburi lisingeguswa. Akija mtu wa serikali kuuliza, aambiwe shamba ni la Dennis Ntakije, ili kumbukumbu zisije zikagongana.

"Sawa, mwanangu," alisema Bibi Shida kwa shingo upande. Alikuwa amechoka kukataa. Alimpa Dennis mahindi ya kuchoma ya safarini, akamwelekeza njia ya mkato ya kutokea barabarani, na alipoondoka akachukua jembe.

Kule Kang'ata, mwaka huo waliposoma hitima walifika kwa Mashavu wakamtaja. Mzee Muhidini alipiga simu kumwambia dada yake. Alisema watu wawili watatu, kwa mazoea, walinyamaza.

Mwezi wa nane rejista zilikwisha. Sufiani alifurahi, akaleta keki iliyoandikwa idadi ya majina, elfu tatu na arobaini, wakaila na wafagiaji. Mradi ukafungwa. Ofisi ya kata ilisikia kwamba Hamisa ana mwandiko mzuri na haogopi kazi, ikamwita kunakili orodha ya wakulima wapya wa Kwashebe, waliogawiwa viwanja, kutoka kwenye daftari la mtendaji lililoloa mvua kwenda kwenye fomu za mbolea ya ruzuku. Hamisa alikubali. Alifikiri wakulima hawa ni watu walio hai, kila mtu angekuwa na uchovu wake mwilini mwake, na yeye angeandika kama watu wengine wanavyoandika.

Ilikuwa hivyo kwa mistari mingi. Alinakili watu ishirini na mbili bila kusikia lolote, akaanza kuvuma wimbo mdomoni. Wa ishirini na tatu alikuwa Dennis Ntakije, ekari moja, mahindi na mihogo. Akaweka nukta.

Magoti yalikuja kwanza. Yalikuwa magoti ya mtu mzima sana, anayeinama kwa kushikilia mpini wa jembe na kuinuka kwa awamu. Kisha viganja, kisha kiuno, kisha ile kiu ya mtu aliyepalilia toka alfajiri na kusahau maji nyumbani. Hamisa alivitambua vyote ni vya Bibi Shida, maana aliwahi kusafiri naye kwenda Handeni na kurudi. Akaweka kalamu chini, akasubiri na uchovu wa mwenye jina. Mtendaji alipita akamuuliza kama anaumwa, akasema hapana, anasubiri tu. Alisubiri mpaka adhana ya alasiri. Haukuja. Mstari ulikuwa na uchovu wa mtu mmoja.

Safu ya mwisho ya fomu iliuliza kama mwenye jina analima mwenyewe, na isipowekwa vema mbolea haitoki. Hamisa alifikiria mahindi yaliyokuwa yakihitaji mbolea hiyo, na mtu aliyekuwa akiyapalilia. Akaweka alama ya vema, akanyoosha magoti, akaenda kwa mtu wa ishirini na nne.